Vyumba Arobaini na Kimoja vya Casimir Mwila

Kila Jumatatu Adolphine Mwenya alianza kufagia nyumba yake ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi, saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita mchana ilimkuta bado hajafika jikoni. Hakuwa mvivu. Kwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Ni kwamba nyumba ilikuwa na vyumba vingi. Ukisimama barabarani uliona kijumba cha matofali mekundu, sebule na vyumba viwili, bati lenye kutu, mlango wa buluu. Ukiingia, ukavuka sebule, ukafungua mlango wa korido, ulikuta vyumba vingine arobaini na kimoja, kila kimoja mita tatu kwa mbili na themanini, vimejipanga huku na huku kama watu waliokaa misani.

Majirani walijua. Syntiche, mama wa kiwanja cha pili, aliazima kimoja kila msimu wa mvua kwa kukaushia nguo, na kila mara alilalamika.

"Mama Sephora, nguo zangu ulizitundika chumba ya ngapi?"

"Ya kumi na nane, ku mukono ya kuume."

"Yesu! Mi nilifikiri ni hapa karibu. Si uniwekee hata kiti katikati ya njia? Magoti yangu haiko ya serikali."

Adolphine akaweka kiti katikati ya njia.

Vyumba vilianza kufika wiki ya tatu baada ya kumzika mume wake, Casimir. Wageni walikuwa wamekwisha kurudi kwao, viti vya parokia vimerudishwa, masufuria ya watu yamepata wenyewe. Adolphine alifungua mlango wa nyuma ya sebule kuchukua beseni, na mahali palipokuwa na ukuta akakuta chumba. Sakafu ya saruji, ukuta uliopakwa chokaa mkono mmoja tu, dirisha moja la chini sana. Akachukua beseni, akarudi kuosha sahani. Baadaye alikwenda tena kuangalia kama kinavuja. Hakikuvuja. Siku iliyofuata vilifika viwili.

Alivitambua, kama unavyotambua watoto wa ndugu yako kwa paji la uso. Vilikuwa vyumba vya Casimir.

Casimir Mwila alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Aliingia ofisi ya kuchora ya mgodi akiwa na miaka kumi na saba, na shule ya msingi tu mfukoni. Alianza kwa kuchonga penseli za wakubwa, akamaliza kwa kuwachorea wakubwa nyumba zao. Ofisi ile ilipofungwa, wasanifu wa mjini walianza kuja Katuba kumtafuta, mmoja mmoja, wakiacha gari kwenye kona kwa sababu ya matope. Katika kazi ile kila mtu alijua mambo yalivyokwenda. Casimir alichora, msanifu akatia sahihi na muhuri wake, ofisi ya ujenzi ikatoa kibali, nyumba ikasimama. Kwenye kila ramani, chini upande wa kulia, kuna kisanduku kidogo cha kuandikia jina la aliyechora. Casimir alikiacha cheupe, kwa adabu, kama mtu anayebakiza nyama ya mgeni kwenye sahani.

Na katika kila nyumba, bila kuagizwa na mtu, alichora chumba cha kambo. Kambo ni bibi au babu, yeyote atakayekuwa amebaki. Alikiweka karibu na jiko ili harufu ya chakula ifike huko kwanza, na dirisha lake alilishusha mpaka sentimita sitini kutoka sakafuni, ili mzee aliyeketi kitandani aone nani anaingia getini. "Nyumba yenye haina chumba ya kambo iko hoteli," alisema. Wasanifu walicheka, wakampiga begani. "Tata Casimir, client anataka garage." Au anataka mahali pa jenereta. Au pa viatu vya madame.

Basi Casimir alichukua wembe. Wino kwenye karatasi ile ngumu ya kupitisha mwanga haufutwi kwa raba. Unakwanguliwa kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Alikwangua ukuta, akakwangua mlango, akakwangua dirisha, akapuliza unga mweusi, na kilichokuwa chumba kikawa garaji au kingine kilichoagizwa. Alifanya hivyo mara arobaini na moja katika maisha yake.

Sasa vyumba vilikuwa vimerudi kwa aliyevichora. Vingekwenda wapi kwingine?

Kilichompa Adolphine kazi ni madirisha. Madirisha hayakuhama. Kila moja liliendelea kuangalia pale Casimir alipokuwa amelichora liangalie. La chumba cha tano liliona geti jeusi la nyumba ya ghorofa kule mjini, na mlinzi aliyesikiliza redio akiwa amevua viatu. La kumi na mbili liliona ua ambapo mwanamke mnene alitwanga sombe, majani ya muhogo, kila siku ya Mungu. Watu wa huko hawakumwona Adolphine. Kwa upande wao palikuwa ukuta wa garaji. Siku ya kwanza aligonga kioo. Mbwa mmoja akainua kichwa, akakilaza tena.

La ishirini na saba liliangalia ua wa binti yake, Sephora, kule Likasi. Nyumba ile Casimir aliichora iwe zawadi ya ndoa, na Adolphine alijua kwamba mkwe wake Osée aliomba ipunguzwe kidogo. Hakuwa amejua ilipunguzwa nini. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye dirisha lile, akamwona Sephora anaanika nguo, akampigia simu.

"Mama, uko bien?"

"Niko bien. Ile robe nyekundu inakufaa."

"Uliniona nayo wapi?"

"Ku dirisha."

"Ah, bon. Noël nitakuya, Mama. Kama route iko muzuri."

Adolphine alimwona akitia simu mfukoni, akiangalia juu kama mvua itanyesha, akiingia ndani. Noeli route haikuwa nzuri.

Casimir akiwa hai, jioni walitegeana vitendawili wakingojea bukari, ugali wao, iive. Sheria ilikuwa ile ya siku zote: anayeshindwa anatoa mji. "Analala kila nyumba, hana kitanda." "Usingizi!" "Nimefunga mlango, yeye amenitangulia mezani." Hapo Casimir alikuna kichwa, akashindwa, akatoa mji, na kila mara mji alioutoa ulikuwa Kasomeno, kwa sababu alizaliwa upande ule. Adolphine alikuwa amepewa Kasomeno mara nyingi kiasi kwamba alisema siku akipita huko watu wote wasimame. Jibu la kile cha mlango lilikuwa harufu ya samaki. Tangu Casimir afe aliendelea kutega peke yake, mwiko mkononi. Kitendawili kisicho na wa kukijibu hakitoki. Kinazunguka nyumbani siku nzima kama inzi, na nyumba ile ilikuwa na mahali pengi pa kuzunguka.

Mwaka wa pili wa ujane, mwezi wa tano, redio ilitangaza habari za Umoja wa Wasanifu Majengo wa Kusini. Mtangazaji alisoma kazi ambazo Umoja umezitanguliza mwaka huu. Utasafisha Orodha yake, ile ambayo asiyeandikwa humo hana ruhusa ya kujiita msanifu. Utawafuata wote wanaochora nyumba bila haki. Utataka kila mahali panapojengwa pawe na kibao chenye jina la mwenye ramani. Utatafuta nyumba yake wenyewe, maana kwa miaka ishirini umekuwa ukipanga vyumba viwili juu ya duka la dawa. Na ndani ya Orodha utafungua ukurasa mpya, ukurasa wa wazee waliochora mji huu, walio hai na waliokufa.

Adolphine alipunguza sauti ya redio, akakaa. Kisha akaweka pasi kwenye makaa ili anyooshe kitenge cha kutokea.

Ofisini alimkuta katibu wa Umoja, bwana Clément, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na ndevu fupi zilizochongwa kama ukingo wa barabara.

"Naleta jina ya bwana yangu. Ya ku ukurasa ya bazee."

"Karibu, Mama. Diplôme iko?"

"Hakuipataka."

"Aa. Sasa tutayua namna gani kama alichoraka?"

"Kuko byumba kwangu. Makumi ine na kimoya."

"Alibijenga yeye?"

"Hapana. Bilifika."

Clément aliandika: vilifika. "Biko na unyevu?"

"Casimir hakuchoraka ukuta ya kunywa mayi," akasema Adolphine, na sauti yake ilikuwa kali kidogo.

Clément akamwomba radhi. Akamweleza kwamba kwa mzee asiye na diploma kuna njia: wasanifu watatu walioandikwa katika Orodha watie sahihi kwenye fomu kwamba walifanya kazi naye na wanajua alichora nini. Watatu tu. Adolphine alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Watatu! Mji mzima ulikuwa umefika Katuba na kuacha gari kwenye kona. Akakunja fomu mara mbili, akaitia kifuani.

"Alhamisi tutakuya kupima," akasema Clément.

Walikuja watatu. Clément alishika kifaa chake cha kupimia. Mwenyekiti wa Umoja, mama Kapinga, alikuwa mwanamke wa watu wa Kasai, mrefu, mpole wa sauti, na viatu vyake alivivua mlangoni bila kuambiwa. Wa tatu alikuwa Floribert, mzee wa kazi, tumbo mbele, muhuri mfukoni kwa miaka thelathini na tano.

Walipima. Mita tatu, mbili na themanini. Mita tatu, mbili na themanini. Walisifu mwanga. Floribert alisema dari lingepanda kidogo, na Clément akaandika kwamba dari lingepanda kidogo. Kwenye chumba cha tisa Floribert akasimama.

"Hii iko yangu. Nyumba ya docteur. Nilimwambia Vieux Casimir: toa hii, tuweke piscine." Akainama, maana dirisha lilikuwa chini, akaliangalia bwawa la kuogelea. "Piscine haina mayi."

"Haijapataka mayi," akasema Adolphine. "Batoto banachezea mupira mule."

"Docteur alisumbua sana juu ya ile piscine," akasema Floribert, akaendelea kuinama muda mrefu kuliko tumbo lake lilivyopenda.

Kwenye chumba cha kumi na sita mama Kapinga aliingia peke yake, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mahali ambapo kitanda kingekuwa. Kutoka pale aliona geti la nyumba yake mwenyewe, rangi ya kijani, na njia ya kokoto.

"Kumbe mutu angeona portail," akasema.

"Njo sababu alishusha dirisha."

"Mama yangu alilalaka ku salon, mahali ya bageni. Ku godoro. Miezi tatu. Kila mutu akipita, alikuwa anauliza: nani ule? Nani ule?" Akapapasa sakafu. "Nilitaka mahali ya archives, ya mafaili."

Adolphine alimwacha akae. Alipotoka, wote wanne walirudi sebuleni, Adolphine akamimina chai, kisha akatoa fomu kifuani, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja.

"Basi. Bashahidi babili niko nabo tayari ndani ya nyumba. Wa tatu hatakosa."

Hakuna aliyetafuta kalamu. Floribert alipuliza chai ambayo ilikuwa imekwisha kupoa.

Clément ndiye aliyeeleza, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi ya katibu. Sheria ya Umoja inasema kwamba msanifu aliyeweka muhuri wake juu ya ramani ya mtu mwingine anafutwa katika Orodha. Anayetia sahihi kwamba Casimir alichora nyumba yake, anatia sahihi kwamba yeye hakuichora. Mwaka huu Umoja unasafisha.

"Tukiandika jina yake, Mama, tunafuta yetu," akasema Kapinga.

"Weye?" Adolphine akamgeukia Clément.

"Mi nilifika nyuma, Mama. Nachora ku ordinateur, haiko ku karatasi. Sikumuyuaka."

Chai ilinywewa. Kisha Adolphine akasema, kama mtu anayeuliza habari za watoto:

"Mama Présidente, kwenu banategaka bitendawili?"

"Banatega."

"Nimezaa muji muzima, na batoto bote banaitwa na jina ya jirani."

Kapinga alijua. Ilionekana usoni mwake, wazi kama taa mezani. Floribert aliangalia viatu vya watu vilivyokuwa mlangoni.

"Nimeshindwa," akasema Kapinga. "Nakupa muji."

"Gani?"

"Nakupa Lubumbashi."

"Nzima?"

"Nzima, Mama."

Adolphine akaupokea mji, kama sheria inavyotaka. Akasema alikwenda Lubumbashi, akapita posta, akapita kanisa kubwa, akapita nyumba za watu wenye nyumba, kila mahali akapewa kiti na maji ya kunywa, na watu wa huko wakamwambia kwamba jibu ni Casimir Mwila.

"Andika," akamwambia Clément.

"Siwezi, Mama. Njo weye umejibu. Muke ya muntu hawezi kuwa shahidi."

Likaja neno lingine. Vyumba arobaini na kimoja vilikuwa vimesimama bila kibali, tena kwa mkono wa mtu asiye na haki ya kuchora. Kwa sheria vilipaswa kufungwa, mlango upakwe alama nyekundu ya msalaba. Lakini Umoja ulikuwa unatafuta nyumba. Mama Kapinga alisema polepole, akichagua maneno: kama Umoja utachukua nyumba hii iwe makao yake, yeye mwenyewe atatia sahihi ramani yake yote, mambo yatanyooka, na Adolphine atabaki na chumba cha kulala na jiko mpaka mwisho wa maisha yake. Na habari ya jina ataipeleka mbele ya mkutano mkuu.

"Mukutano iko na bantu ngapi?"

"Mia mbili na kitu."

Adolphine alihesabu moyoni. Kati ya mia mbili, kuwapata watatu wenye moyo si jambo kubwa. Tena nyumba yenye vyumba vile na mtu mmoja ilikuwa imemchosha. Alikuwa anajikuta anaaga akitoka chumba kimoja na kubisha hodi akiingia kingine. Akakubali. Aliomba tu abaki na cha ishirini na saba, na walimpa.

Umoja ulihamia mwezi wa saba, na mafaili, na mashine ya kutoa nakala, na kibao cha shaba. Wasanifu wakongwe waliambiwa wachague ofisi. Walipita korido wakichungulia, na bila kushauriana kila mmoja alichagua chumba alichokuwa ameagiza kifutwe. Floribert alichukua cha tisa. Kapinga alichukua cha kumi na sita, akaweka godoro dogo chini ya dirisha, akasema ni kwa ajili ya mgongo. Mle ndani walitengeneza kazi za mwaka: barua za kuwaonya wachoraji wasio na haki, mafunzo ya Ijumaa juu ya heshima ya kazi, mfano wa kibao cha jina chenye vipimo vyake. Syntiche alikataliwa kuanika nguo. "Sasa nyumba yenu iko na bakubwa," akasema, "na mi nguo yangu inanuka," akapeleka kwa dada yake.

Kila Alhamisi wasanifu walikuja jikoni kuomba chai. Hawakuja pamoja. Alikuja mmoja, akaangalia nyuma, akasukuma mlango kidogo.

"Mama, ile shule yenye ngazi mbili, ya karibu na marché. Njo Tata aliichora. Mi niligusa bati tu."

"Nayua, mwanangu."

"Aliichora siku ine. Mukono gani ile!"

Adolphine alitoa fomu chini ya kopo la sukari, akaiweka mezani. Msanifu alimaliza chai, akasifu chai, akaweka kikombe chini, akatoka. Kisha alikuja mwingine, na maktaba. Kisha mwingine, na kanisa la Wapentekoste, na machozi. Machozi Adolphine aliyapangusa kwa kitambaa cha sufuria, maana ndicho kilichokuwa karibu. Mwisho wa mwezi wa tisa alikuwa amesikia karibu mji wote, na fomu ilikuwa na mistari mitatu mitupu, na juu ya mistari ile duara za kahawia za vikombe.

Mkutano mkuu ulifanyika sebuleni na koridoni, milango yote wazi ili kila mtu asikie. Walijadili Orodha, majina tisa yalifutwa kwa kutolipa au kwa kufa. Walijadili vibao. Jambo la saba lilikuwa ombi la mjane Mwila. Adolphine alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea, na alisimama karibu na mlango wa jiko, mikono imefumbatwa mbele kama mtoto wa shule anayengoja matokeo.

Mama Kapinga alisoma ombi lote, bila kuruka neno. Kisha akauliza:

"Nani kati yetu alifanya kazi na Casimir Mwila?"

Watu mia mbili walikaa kimya. Kimya kilikuwa kikubwa hata sauti za madirishani zikaingia: mchi wa yule mama wa sombe, jenereta, redio ya mlinzi, mtoto anaitwa arudi ndani, arudi ndani sasa hivi. Zilitoka nyua arobaini na moja, na zote zilisikika vizuri, kwa sababu madirisha yalikuwa yamewekwa mahali pake. Adolphine aliwaangalia mmoja mmoja. Huyu shule. Huyu maktaba. Huyu nyumba ya masista. Walipofikiwa na macho yake waliangalia ajenda.

Mama Kapinga alingoja muda wa kutosha kusali Baba Yetu mara mbili. Mkono wake mwenyewe ulikuwa juu ya meza, na vidole viliinuka kidogo, kisha vikalala.

"Tuendelee," akasema.

Clément alikuwa ameandika katika kitabu cha mikutano: Casimir Mwila, mchoraji wa mji huu, hakupata mashahidi. Floribert, aliyekaa karibu naye, akasoma, akamnong'oneza kwamba sentensi ile ina maneno mawili, mchoraji na mashahidi, ambayo yatawaletea watu maswali. Wengine wakanong'ona hivyohivyo. Kitabu cha Umoja hakikatwi mistari, sheria yake haitaki. Kwa hiyo Clément aliomba wembe, akaukwangua mstari, taratibu, karatasi isitoboke. Akapuliza. Unga mweusi ulianguka kwenye mkono wa shati lake, akaukung'uta. Mkutano ukapita kwenye jambo la nane.

Watu walipokwisha kuondoka, Adolphine aliosha vikombe mia mbili na kumi. Hakulia; kulikuwa na vikombe.

Asubuhi alikuta chumba kingine mwisho wa korido. Vipimo vilikuwa vilevile, mita tatu kwa mbili na themanini. Hiki hakikuwa na dirisha. Alisimama ndani yake kidogo, mkono ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Alipofika Clément, alimwonyesha, na Clément akapima, akaandika, akamwita mama Kapinga. Kapinga alikaa mlangoni bila kuingia.

"Haina dirisha," akasema.

"Haina," akasema Adolphine.

"Basi jua haitaharibu bitabu."

Kwa hiyo waliweka Orodha humo. Kitabu kikubwa cha jalada la kijani, juu ya meza yake, peke yake, na taa moja. Ufunguo walimpa Adolphine, kwa sababu ni yeye anayeamka mapema na kwa sababu wote walimwamini. Fomu yenye alama za vikombe Clément aliiweka katika faili, akaandika juu: haikukamilika.

Sephora alipiga simu wiki ile, akauliza kama ni kweli kwamba mama yake sasa anafanya kazi kwa Wasanifu.

"Nashika funguo yao."

"Heshima, Mama! Papa angefurahi."

"Toa ile nguo ku kamba," akasema Adolphine, "mvua inakuya kwenu." Alimwona Sephora akikimbia.

Kila asubuhi, kabla watu wa ofisi hawajafika, Adolphine anafungua chumba kisicho na dirisha, anawasha taa, anapangusa vumbi kwenye jalada la kijani. Kusoma alijifunza kwa masista, darasa la kwanza mpaka la sita, na hajasahau. Anafungua Orodha na kuyasoma majina yote kwa sauti, na kidole, moja baada ya jingine, majina mia mbili na saba, bila haraka, ya watu ambao anajua kila mmoja anapenda sukari ngapi. Akifika herufi M anasoma Mbuyi, anasoma Mwenya ambaye si ndugu yake. Hapo anatulia kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kisha anaendelea na Ngoie.